Taa Inawaka, Lakini…

Kati ya vitu vyote vinavyouzwa kwenye maduka ya elektroniki pale Kariakoo, sijaona kinachojisifu bure kuizidi taa nyekundu ya RC522. RC522 ni kile kibao cha buluu cha kusomea kadi ambacho kila anayejifunza Arduino hukinunua mapema, kwa sababu ni cha bei nafuu na watu wote wanasema ni rahisi. Ukikipa umeme, taa inawaka, na wewe unafurahi. Kumbe taa yenyewe haijui lolote. Haijui kama chipu ni nzima, haijui kama data inapita, haijui hata kama kuna kadi mbele yake. Inachojua ni kwamba umeme umefika, basi. Mengine yote utayatafuta mwenyewe usiku, miwani puani.

Mradi wangu ulikuwa mdogo tu. Mama Zawadi anauza soda nyumbani, kreti zinakaa stoo, na soda zilikuwa zinapungua kuliko hela zilivyokuwa zinaongezeka. Nikasema nitaweka kufuli la umeme linalofunguka kwa kadi. Kwenye video kijana anaunganisha waya saba, anapakia programu, anagusisha kadi, tiii, mlango umefunguka. Hata jasho halimtoki. Wale vijana wa kwenye video sijui wananunua wapi vibao vyao, maana vya kwao havijawahi kugoma.

Cha kwangu kiligoma. Tena hakikugoma kwa heshima, kwa kusema kinaumwa wapi. Kilinyamaza, taa inawaka.

Kwanza kabisa, nani aliyeamua kwamba kibao hiki kiuzwe bila pini kuchomewa? Unafungua kimfuko, unakuta kibao huku, pini kule, kadi moja nyeupe na kile kidude cha buluu cha kuning'iniza kwenye funguo. Ukizichomeka pini kwenye matundu bila risasi, zinagusa zikitaka. Ukikandamiza kwa kidole inasoma, ukiachia inasahau. Nikaenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mzee aliyekuwa anatengeneza National Panasonic kabla sijaoa. Akakigeuza kibao, akaiona antena, akakisogeza karibu na jicho.

"Hii inashika stesheni gani, mwalimu?"

"Megahezi 13.56, mzee."

Akafikiri, pasi ya risasi mkononi inatoa moshi. "Hapo ni masafa mafupi. Hapo hakuna stesheni."

Akazichoma pini zote nane, moja moja, akapuliza, akakataa hela. Alisema hawezi kumtoza mtu kwa redio isiyoongea.

Pini zikishika, linakuja suala la umeme. Kibao hiki kinataka volti 3.3. Kwenye Arduino Uno, tundu la 3.3 limekaa bega kwa bega na la 5, na aliyezipanga hivyo nadhani hajawahi kufanya kazi usiku. Ukikosea tundu unaweza kuiua chipu, na baada ya hapo taa, wallahi, inaweza kuendelea kuwaka. Waya za data nazo za Uno zinatoa volti 5, kitu ambacho karatasi ya chipu haikukiruhusu. Watu wengi huunganisha moja kwa moja hivyo hivyo, na vibao vyao vikaishi. Wengine wakanunua kingine. Halafu tundu lililoandikwa SDA linakwenda pini namba 10, RST pini 9, na ile mistari mingine 11, 12 na 13. Ukihamia Arduino Mega, usithubutu kubeba namba zile zile: huko waya tatu za data zinakaa 50, 51 na 52, na SDA inakwenda 53.

Hapo ndipo unapoendesha programu ya majaribio inayokuja pamoja na laibrari ya MFRC522, ile inayoitwa DumpInfo. Kazi yake ya kwanza ni kuiuliza chipu namba ya toleo lake. Ikijibu 0x91 au 0x92, mambo safi. Ikijibu 0x88, umepata nakala ya kiwanda kingine, lakini mara nyingi inafanya kazi. Ikijibu 0x12, laibrari yenyewe inakuambia bila haya kwamba hiyo ni chipu bandia. Ikija 0x00 au 0xFF, maana yake hakuna anayejibu huko, na skrini inaandika onyo kwa Kiingereza kwamba mawasiliano yameshindikana, kisha inauliza: je, MFRC522 imeunganishwa sawasawa? Inaniuliza mimi! Ningekuwa najua, ningekuwa nimeamka saa hizi?

Hata hivyo, nikiacha hasira, namba hiyo ndiyo kauli ya kwanza ya ukweli utakayoipata. Mtu akija kwangu na kibao chake akisema "lakini taa inawaka", simsikilizi mpaka aniambie DumpInfo imesema nini. Mpwa wangu anasoma chuo, naye bado anaangalia taa.

Kisha kuna kadi. Kuna kadi nyeupe inayoongea kwa megahezi 13.56, na kuna kadi nyeupe nyingine, saizi ile ile, inayoongea kwa kilohezi 125. Hiyo ya pili RC522 haiisikii kabisa, wala haikuambii kwamba haiisikii. Imulike kadi kwa tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona koili nene ya mviringo, mara nyingi hiyo ni ya 125, itafutie kisomaji cha aina yake. Ukiona waya mizunguko michache inayofuata kingo za kadi, una matumaini. Mpwa wangu yeye hakutaka kadi, akataka kufungulia kwa simu. Tukaisajili namba yake, akatoka nje, akarudi, mlango ukamkana. Simu nyingi kila ukizigusisha hutoa namba mpya ya kubahatisha, kama mdeni anayebadilisha laini kila mwisho wa mwezi. "Mjomba, programu yako ina matatizo," akaniambia. Programu yangu!

Mlango wetu wa stoo ni wa chuma. Antena na chuma hawapatani. Kile kilichokuwa kinasoma vizuri mezani, kwa sentimita mbili tatu, nilipokibandika mlangoni kikawa kipofu. Ikabidi nikitenge na bati kwa kipande cha mbao. Halafu kufuli likifunguka, tak, Arduino inajizima na kuanza upya, kwa sababu koili ya kufuli ikikatiwa umeme inarudisha shoti kwenye mfumo. Dawa yake ni dayodi ya 1N4007 kwenye koili na chanzo cha umeme cha peke yake kwa kufuli. Dayodi hiyo ni ya bei ya karanga, lakini kwenye video haionekani, maana video nyingi huishia kwenye taa ya kijani.

Na ukishashinda vita vyote hivyo, ndipo unapojulishwa kwamba kufuli lenyewe si kufuli. Kadi zinazokuja kwenye kimfuko ni za aina ya MIFARE Classic. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha jinsi usimbaji wake unavyovunjwa. Kampuni ya NXP inayozitengeneza chipu hizo ikaenda mahakamani kuzuia makala yao isichapishwe, ikashindwa. Na programu nyingi za kujifunzia, ya kwangu ikiwemo, haziugusi hata huo usimbaji. Zinasoma namba ya kadi tu, namba ambayo kadi humtajia yeyote anayeuliza. Kuna hadi kadi tupu zinazouzwa ili uziandike namba unayoitaka.

Nikamweleza Mama Zawadi hatari hiyo kwa kirefu, kwamba mwizi mwenye elimu ya kutosha anaweza kuinakili kadi yetu akiwa amesimama karibu tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Jioni nilipokwenda stoo nikaikuta kadi imetobolewa tundu, imefungwa kamba, inaning'inia kwenye msumari pembeni ya kisomaji.

"Sasa, Baba Zawadi," akanijibu nilipouliza, "wateja wakija na mimi niko bafuni, watoto wataipata wapi?"