Kinga ya Mwili Imenifilisi

Ngoja nikuulize, jirani. Hivi huu mtindo wa "ongeza kinga" nani aliuleta mjini? Namtafuta. Maana tangu ile Machi 2020, tarehe 16, walipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania, mimi na tumbo langu hatujaelewana. Kesho yake shule zikafungwa. Watoto wote nyumbani, chumba na sebule, na mama yao kashika simu. Waifu akishika simu wakati wa gonjwa, mimi najua mfuko wangu umekwisha.

Kila dakika klipu mpya WhatsApp. Jamaa kavaa koti jeupe, anasema yeye daktari. Labda daktari kweli, labda fundi bomba kaazima koti, mimi nitajuaje? Kunywa limao. Ponda tangawizi. Tafuna kitunguu swaumu. Tia pilipili kichaa. Jifukize. Kaa juani. Kimbia. Yote hayo mwili mmoja, huu huu wa kwangu, ambao hata kandambili naukopea kwa Mangi wa dukani.

Nikatumwa gengeni. Malimao yalikuwa yamepanda bei mpaka yule mama wa genge anayaficha chini ya meza, bei unanong'onezwa. Nikauliza tangawizi ya jero. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Baba, kinga haiuzwi kwa jero." Watu wakacheka. Nilinunua kwa mkopo, na lile deni nadhani bado limo kwenye daftari lake.

Nikampigia binamu yangu wa Nairobi nipate faraja. Kule kafyu ilianza 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, hakuna kutoka. Naye anashindiliwa limao, tangawizi na asali asubuhi na jioni. Tofauti ni kwamba yeye anashindiliwa akiwa kafungiwa ndani kwake, hakuna anayemwona. Mimi sikufungiwa. Mimi aibu yangu ilipanda daladala.

Sikiliza hii. Wakati ule amri ilikuwa levo siti, hakuna kusimama. Nimegombania siti Mbagala Rangi Tatu, nimeipata, barakoa ya kitambaa puani, nimetulia. Asubuhi hiyo waifu alikuwa kanipa kikombe cha mchanganyiko wake, hauchuji, anasema ukichuja unachuja na kinga. Basi uzi wa tangawizi ukakaa kooni. Nikajibana. Nikameza mate. Machozi yakaanza kutoka. Halafu nikakohoa. Jirani, kukohoa ndani ya daladala mwaka ule ilikuwa bora utoe nyoka mfukoni. Dada niliyekaa naye sijui alipita wapi, nadhani dirishani. Mzee wa nyuma akaanza kusali kwa sauti. Mimi napiga kelele "Ni tangawizi! Ni tangawizi jamani!" na kila nikisema tangawizi nakohoa zaidi. Konda akagonga bodi, gari ikasimama Mtoni kwa Azizi Ali. "Mzee, shuka na tangawizi yako." Nauli hakurudisha. Nikatembea mpaka Kariakoo. Na kibaya zaidi, nilipofika waifu akapiga simu kuuliza kama nimekunywa kikombe cha pili, maana alikuwa kanifungia kwenye chupa ya soda.

Nikasema hapana, limao basi, nitumie za kizungu. Nikaenda duka la dawa, nikachukua vile vidonge vya vitamini C vya kutumbukiza kwenye maji vikafoka. Kimoja kina miligramu 1000. Mimi nikawaza, kama kimoja kinaongeza kinga, vitatu si ndo nitakuwa kifaru? Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamume mzima kwa siku anahitaji miligramu 90 tu. Tisini! Na ukipitisha 2000 kwa siku, tumbo linakuandikia barua ya kuhama. Sasa sisi tunaishi nyumba ya kupanga, choo kimoja, wapangaji wengi. Nikawa nakaa humo nusu ya siku. Watu foleni nje na makopo. Mtoto wa chumba cha pili akaniimbia wimbo alioutunga mwenyewe. Mama mwenye nyumba akagonga mlango: "Baba, bili ya maji utalipa peke yako mwezi huu." Nikalipa. Nilikuwa na nguvu gani ya kubisha?

Nyungu, yaani kule kujifukiza, nisiongee sana. Majani ya mpera, mlimao, mwarobaini, blanketi juu, nikatoka mwekundu, watoto wakanikimbia.

Basi waifu akasoma tena kwenye simu: mazoezi. Akaniandikisha klabu ya jogingi ya mtaani. Kujiunga pesa, fulana pesa, raba za mtumba pesa. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tunatoka kundi zima, filimbi mdomoni, nyimbo, mikono juu. Mimi nyimbo sikuimba, nilikuwa natafuta hewa. Kitambi kinafika mbele, mimi nafuata. Wazee waliostaafu wananipita wanapiga stori za mpira, hawahemi. Kuna mmoja akanipita, akarudi kuniangalia kama nipo hai, akanipita tena. Ila jirani, utamu wa jogingi ni mwisho wake. Mkimaliza mnakaa kwenye supu. Supu ya kongoro, chapati mbili, soda baridi ya kurudisha nguvu. Nilifuata mazoezi mimi, lakini fulana ilinibana kabla ya Idi.

Kwenye nyumba yetu yupo dada mmoja nesi. Kimya chake kingi. Siku moja akanikuta uani napiga kitunguu swaumu kibichi huku nimeziba pua. Akaniuliza, "Kaka, unajitesa kwa kosa gani?" Nikamwambia nanyanyua kinga. Akasema kinga haina sauti ya kuongeza kama redio. Kitunguu swaumu ni chakula kizuri, akasema, lakini hata Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishasema hakuna ushahidi kwamba kinazuia korona. Akanielekeza mti wa mama mwenye nyumba, mpera pale pale uani, tunauanikia nguo. Pera, akasema, kilo kwa kilo lina vitamini C kama mara nne ya chungwa. Mara nne! Na limao halilizidi hata chungwa. Mimi nimekula deni la genge zima, mapera yanaanguka yananipiga kichwani, watoto wanayarushiana. Nilimkasirikia sana ule mpera. Haukusema kitu.

Akaendelea. Mchicha, maharage, dagaa, hivyo hivyo unavyovikimbia, vina madini na protini ambazo askari wa mwili wanajengwa nazo. Lala usingizi wa kutosha. Tembea. WHO walitoa mwongozo Novemba 2020, dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa mwendo wa haraka kunahesabika. Nikamuuliza, hata ile safari ya mguu ya kutoka Mtoni mpaka Kariakoo? Akasema hata ile. Kumbe konda yule alikuwa kocha!

Halafu akanitisha. Akasema kinga ikipandwa na wazimu nayo ni maradhi, wapo watu kinga yao inashambulia mwili wa mwenyewe. Hapo nikaacha jogingi siku hiyo hiyo, kwa usalama. Yeye anasema sikumwelewa. Mimi nilimwelewa vizuri sana.

Lakini kinachoniuma ni hiki. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa, watu wote tunaangalia, kampeni ikazinduliwa. Sindano moja ya Janssen. Dada nesi akasema hii ndiyo inayoifundisha kinga kumtambua mdudu mwenyewe, sura na jina, chakula hakiwezi kuifanyia hilo. Nikauliza bei. Akasema bure. Bure, jirani! Mimi nimelipa genge, duka la dawa, bili ya maji, klabu, supu na nauli isiyorudi, halafu kilicho na maana kikaja bila malipo. Nilichanjwa huku nimenuna, nesi akadhani naogopa sindano. Naogopa pia, lakini siyo hoja.

Kwa hiyo sikiliza, kama unamjua mtu anataka kuongeza kinga, mlete kwangu kabla hajafika kwingine. Nina raba namba 42, hazijakimbia sana. Nina fulana ya klabu, imevutika kidogo tumboni. Nina tangawizi iliyokauka nusu kiroba na vidonge vya kufoka vilivyobaki. Bei maelewano.