Majirani wa Sekunde Arobaini

Vitabu humshauri mtu anayetaka kujua jinsi ruta zinavyojitafutia njia zenyewe kwamba ajenge maabara nyumbani; nadhani viliandikwa na watu wasiokaa na shangazi. Maabara yangu ni ruta tatu za mtumba, moja sebuleni, moja chumba cha uani, na moja jikoni kando ya jokofu la samaki, zote zikikutana kwenye swichi iliyo juu ya kabati la vyombo, na hizo mbili za mwisho kila moja ina modemu yake ya kutokea nje. Twakaa Kamanga, ng'ambo ya Mwanza, ambako mwenye safari ya mjini hungoja pantoni, au, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, huzunguka kwa barabara akaikata ghuba bila kumtegemea nahodha.

Itifaki yenyewe huitwa OSPF, nayo hutumia hesabu aliyoibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, kichwani, bila kalamu wala karatasi, kwa dakika kama 20, akiwa ameketi na mchumba wake mkahawani Amsterdam kupumzika baada ya kuzunguka madukani, wala sijui bibie alikuwa akisimulia nini wakati huo. Kwa hesabu hiyo kila ruta huchora ramani nzima ikachagua njia ya gharama ndogo, gharama ambayo aghalabu hupimwa kwa upana wa njia peke yake, foleni isiulizwe, jambo ambalo abiria yeyote wa pantoni angelicheka.

Lakini kabla ya ramani, sharti ziamkiane. Salamu hutumwa kila sekunde 10, na jirani asiposikika kwa sekunde 40 huhesabiwa maiti akafutwa, bila tanzia wala matanga. Nasi tuko Usukumani, ambako baada ya "mwangaluka" bado kuna habari za watoto, za ng'ombe na za mvua, na sekunde 40 hazijamaliza hata za watoto.

Ruta ya jikoni ilinitesa jioni nzima. Ilisalimu, ikasalimiwa, kisha ikaganda katika hatua iitwayo ExStart, ujirani usikamilike. Kumbe mwenyewe wa kwanza aliiwekea ukomo wa baiti 1400 kwa kifurushi, ilhali wenzake walitumia 1500. Salamu, kwa ufupi wake, zilipita salama, ila ilipofika zamu ya kukabidhiana ramani, na kila mmoja kutaja kipimo chake, ile ya jikoni ikakataa katakata. Niliposawazisha vipimo, ujirani ukatimia mara moja.

Furaha haikudumu. Intaneti ya sebuleni ilinyamaza ghafla, vijana waliokuwa wakitazama mpira wakapiga ukelele, nami nikakimbilia jikoni nikamkuta shangazi amechomoa ruta, amechomeka jagi la chai.

"Shangazi, hiyo ndiyo njia yetu!"

"Hiki cha kupepesa taa? Maji yangu yanachemka, mwanangu."

Nikasimama nikihesabu kimoyomoyo. Ilipotimia 40, sebule ilimtangaza jirani wa jikoni kuwa marehemu, ikageukia njia ya uani, na vijana wakashangilia bao walilokuwa wamelikosa. Nikamweleza shangazi kwa fahari kwamba mtambo umejua wenyewe kupita kwingine.

"Basi kama kwingine kunapitika," akasema, "hiki mmekiweka jikoni kwangu cha nini?" Kisha akaenda kuleta pasi.