Siti za Ngozi na Watu Wema

Msikilize dalali wa magari wa Dar es Salaam anaponadi mzigo. Ataanza na namba, kwamba ni namba E na bado mbichi, injini ataipita haraka haraka, AC ataiwasha na kukuvuta mkono uusikie ubaridi, kisha atashusha sauti, atafungua mlango wa nyuma polepole na kusema, "Halafu bosi, humu ndani ni siti za ngozi." Hapo bei inapanda bila mtu kuitaja. Mnunuzi anaingiza kichwa, ananusa, anatoka akiwa na adabu mpya. Hakuna anayemnong'oneza kwamba amekabidhiwa mabaki ya ng'ombe, na kwamba mji mzima una maoni kuhusu malezi yake.

Gari langu ni Harrier, toleo lile lililoanza kutoka mwaka 2003, ambalo watu wa huku wanaliita tako la nyani. Waliolitengeneza waliliwekea nembo ya ndege mwindaji. Sisi tukazunguka nyuma, tukatazama taa, tukaona mnyama mwingine kabisa. Siti zake ni za ngozi, rangi ya krimu. Aliyechagua rangi hiyo bila shaka aliishi mahali ambapo lami inafika mlangoni, na mashemeji hawapandi gari na mihogo ya kukaanga iliyofungwa kwenye gazeti.

Vumbi na mihogo havijawahi kunitisha. Vinafutika. Kinachozimaliza siti za ngozi katika mji huu ni wema.

Sisi tukionyeshwa ngozi tunaiona ina njaa. Hatuna kosa. Tumekuzwa tukijua kwamba mtoto hatoki nje bila kupakwa mafuta, na akitoka amepauka, anayesemwa ni mama yake. Sasa mtu huyo huyo anapanda gari, anaona kiti kikavu, hakina mng'ao, na huruma inamshika. Nimeshashauriwa mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, mayonezi, maziwa, ganda la ndizi upande wa ndani na, kutoka kwa mzee mmoja ambaye kwa umri wake sikuweza kumbishia, samli. Kwa orodha hiyo mtu anafuturisha mtaa.

Shangazi yangu wa Tanga yeye hashauri, anatenda. Nililala kwake, gari likalala uani chini ya mwembe, na asubuhi nilipotoka kumwamkia nikamkuta ameshamaliza. "Marahaba, mwanangu. Siti zako zilikuwa zinatia aibu, zimepauka utadhani hazina mwenyewe. Nimezipaka." Chupa ya mafuta ya nazi, aliyoyapika kwa mikono yake, ilikuwa imelala tupu kwenye dashibodi. Kwa shangazi unasema nini? Nilisema, "Ahsante sana, shangazi," nikaomba taulo la kukalia.

Nilipofika Chalinze jua la saa saba lilikuwa limeshaingia kazini, na gari zima linanukia wali wa nazi, hadi trafiki aliyenisimamisha akachungulia siti ya nyuma kutafuta sufuria. Baada ya siku chache harufu ikageuka, maana mafuta ya namna hiyo yakikaa kwenye joto huchacha, na sisimizi wa mtaani kwetu wakapeana taarifa.

Afadhali basi mafuta yangekuwa yanaingia. Hayaingii. Ngozi ya siti za magari mengi imefunikwa. Kiwandani ngozi mbichi huondolewa manyoya, kisha husindikwa isioze. Kazi hiyo kwa karne nyingi ilifanywa kwa magome ya miti, na Njombe hadi leo kuna mashamba ya miwati ambayo magome yake hutolewa dawa ya kusindikia. Viwanda vingi siku hizi hutumia chumvi za kromiamu, ambazo huiacha ngozi na rangi ya samawati. Kwa hiyo chini ya krimu yangu ya kifahari huenda yupo ng'ombe wa bluu. Mafuta ambayo ngozi inayahitaji hupewa huko huko, ingali imelowa. Baada ya hapo hupigwa rangi, na juu ya rangi hupigwa tabaka jembamba la plastiki laini, jamii ya poliurethani. Unachokalia siku zote ni hilo tabaka. Ukilipaka mafuta ya nazi, umepaka ukuta.

Asiyeamini adondoshe tone la maji kwenye kiti. Likikaa juu, limejikunja, hicho kimefunikwa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, basi una ngozi tupu, ya magari ya gharama kubwa, na sijui kwa nini unamsikiliza mwenye Harrier. Tena mara nyingi hata si kiti chote: ngozi ni pale mgongo na makalio yanapogusa, ubavuni na nyuma ni vinaili iliyofananishwa. Shangazi aliwalisha ng'ombe na plastiki bila ubaguzi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wema hawalikubali hata uwaapie: ngozi safi ya gari haing'ai. Ikitoka kiwandani imefifia, haina mng'ao. Ukiona usukani unameremeta, ujue ni jasho na mafuta ya viganja vya kila aliyewahi kuushika, tangu mzee wa Japani aliyeuendesha kwa glavu hadi binamu yako aliyeuendesha akila sambusa. Ukiusafisha vizuri unapoteza mng'ao, na mkeo anauliza ni nani aliyeuharibu.

Vijana wa pale ninapooshea gari wanaishi kwa mng'ao. Wana dumu la maji meupe mazito wanayoyaita dawa, basi, dawa tu, bila jina la ukoo. Dawa hiyo inapakwa kwenye matairi, inahamia kwenye dashibodi kwa kitambaa kile kile, na ikibaki inamalizikia kwenye siti. Ndani yake kuna silikoni, na silikoni inang'aa kweli. Pia inateleza.

Mama mkwe alikuja kutoka Dodoma. Nilimpokea stendi ya Magufuli kule Mbezi, gari limetoka kuoshwa saa ile ile kwa heshima yake, siti zinatoa mwanga. Alikaa nyuma na vitenge vyake viwili, kikapu magotini. Mkanda aliukataa kwa sababu unamkunja nguo, na mimi ni nani nimlazimishe. Tulipofika Kimara bodaboda akakatiza mbele yetu akiwa amebeba kitanda. Nikakanyaga breki. Nyuma nikasikia mlio laini wa kitambaa kinachosafiri, kisha kimya. Kwenye kioo hakukuwa na mtu.

Alikuwa chini, katikati ya siti, kikapu kikiwa juu yake. Sasa fikiria hali yangu. Mimi ni mkwe. Mkono wangu haumshiki mama kiunoni hata nyumba ikiungua. Nilisimamisha gari, nikafungua mlango, nikageuka nikawa natazama daladala huku nikisema "Pole, mama. Pole sana, mama," kuelekea barabarani. Aliyemwinua ni muuza karanga, mwanamke wa makamo mwenye nguvu, ambaye naye akiwa anamkalisha aliteleza mara moja. Mama alijipanga upya, akapitisha kiganja kwenye kiti, akakinusa. Yeye ni Mgogo, anajua anachokisema.

"Mwanangu, hiki kiti umekipaka mlenda?"

Safari iliyobaki aliifanya mbele, mikono yote miwili kwenye mpini wa juu ya mlango, mkanda amefunga.

Niliporudi kwa wale vijana na kueleza, walinionea huruma, na huruma yao ikaja na ndoo. Sabuni ya unga, brashi ya kufulia, maji mengi. Niliwahi kuizuia ikiwa hewani. Sabuni za kufulia zina ukali wa alkali. Zinakula polepole lile tabaka la juu na kuifanya ngozi iwe ngumu, wakati inachokitaka ni kisafishio kisicho na ukali, kinachokaribia hali ya maji. Na ndoo ni balaa ya peke yake, hasa kwa siti zenye vile vitundu vidogo. Maji yanapita, yanajaa kwenye sponji, na sponji halina haraka ya kukauka. Jirani yangu alioshewa siti zake hivyo. Chini ya siti ya abiria kuna kihisio kinachotambua kama kuna mtu. Kikalowa, kikachanganyikiwa, na kwa siku kadhaa alikuwa anaendesha peke yake huku gari likipiga kelele kwamba abiria wake afunge mkanda. Mkewe hakuipenda ile taa kabisa. Alitaka kujua ni abiria gani.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa haina hata hadithi. Unafyonza vumbi kwanza, hasa kwenye mishono, ambako ndiko mchanga unakojificha ukisaga uzi kila mtu akikaa. Unatia kisafishio cha ngozi kwenye brashi laini, si kwenye kiti. Unasugua sehemu ndogo bila hasira, povu linageuka kahawia, unalifuta kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla halijakauka, unahamia sehemu nyingine. Silikoni ilihitaji kurudiwa. Halafu milango wazi, kivulini, hadi pakauke. Ukipenda, mara chache kwa mwaka unapitisha dawa nyembamba ya kulinda, ile ya maji. Kisha unaondoka. Hicho cha kuondoka ndicho watu hawakiwezi.

Jua ni adui halisi, namkubali. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Arizona, Marekani, walipima mwaka 2018 magari yaliyoachwa saa moja kwenye jua la kiangazi wakakuta siti zimefika wastani wa nyuzi 50 hivi za Selsiasi na dashibodi karibu 70. Huku kwetu hatukuhitaji kipimajoto. Mtu aliyewahi kuvaa kaptura akaingia kwenye gari lililoegeshwa Kariakoo mchana amejipimia mwenyewe. Kikinga jua cha kuweka kwenye kioo kinasaidia kuliko samli yote ya yule mzee. Masika nayo ina mambo yake: gari likifungwa wiki mbili za mvua, siti zinaota ukungu mweupe, unaufuta nje ukiwa umeziba pua, unaacha hewa ipite.

Ila hina sikuijua. Tulikuwa tunampeleka shemeji yangu kwenye sendofu yake, amepakwa hina muda si mrefu, mikono ameinyoosha mbele asiguse kitu. Akaguswa na tuta. Kiganja kikatua kwenye sehemu ya kuegemea kiwiko, pale pale ambapo rangi ilikuwa imechubuka. Hina kazi yake ni kushika protini, ndiyo maana inakaa kwenye nywele na ngozi ya mtu, na mahali tabaka limetoka haiulizi ngozi hii ni ya bibi harusi au ya ng'ombe. Sehemu iliyofunikwa ilifutika kwa kitambaa. Iliyochubuka ikapokea ua zuri, na majani yake.

Hapo tena wakaja watu wema. Kaka wa bibi harusi alifika na dawa ya meno. Alikuwa ameshasugua nilipotokea, kwa bidii, na ulimi nje. Dawa ya meno ina chembechembe za kukwangua. Kwa jino ni sawa, kwa rangi ya kiti ni msasa. Ua lilififia kidogo. Krimu iliyolizunguka iliondoka kabisa. Fundi wa siti niliyemwendea aliangalia, akacheka, akaniambia kiti kinaweza kuzibwa na kupigwa rangi upya, lakini yeye kwa mapenzi yake angenishonea kava nzito za ngozi ya bandia gari zima, "maana hii ya ng'ombe, bosi, haina maisha." Nilimuuliza kuhusu mifuko ya hewa iliyo ubavuni mwa siti, ambayo ajali ikitokea inatakiwa ipasue ushono itoke. Akanitazama kwa huruma. Akasema kava zake hazipasuki.

Mwisho nilinunua chupa yangu ya kisafishio, nikaipeleka kwa wale vijana, nikasimama juu ya kichwa cha mmoja wao nikimwelekeza. Ni kijana msikivu. Alifyonza, akasugua kwa brashi laini, akafuta, akakausha, akarudia pale kwenye usukani mpaka ule mng'ao wa miaka yote ukatoka. Siti zikawa krimu ya kweli, kavu, hazitelezi, zimefifia zinavyotakiwa. Nilifurahi nikamwongezea hela.

Aliipokea bila kuniangalia. Akazunguka gari, akachungulia ndani tena, akafikicha kidole kwenye kiti, kisha akanivuta pembeni wateja wengine wasisikie.

"Bosi, mimi nakuomba kitu kimoja. Wakikuuliza umeoshea wapi, usitutaje."