Mwenzetu? Yupi Huyo?

Mwandishi wa Kisauni akishikwa na polisi, chumba cha habari hupatwa na usahaulifu wa ghafla. Jana alikuwa "mwandishi wetu". Leo mhariri anakohoa: kijana yule hakuajiriwa bwana, alilipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Kweli kabisa, ila malipo yenyewe ya miezi mitatu bado yako njiani. Kufika adhuhuri ameshatolewa kwenye kundi la WhatsApp, na kiti chake, kile chenye gurudumu bovu, kimepata mrithi.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gazeti linakijua kwa moyo. Hukinukuu kila mheshimiwa anayeleta matangazo anapopandishwa kizimbani. Kwa mtoto wa nyumbani, wakili wa kampuni yuko safarini.

Habari yenyewe je, iandikwe? Wapinzani wameipa ukurasa mzima. Haya, aya mbili, chini ya tangazo la magodoro: "mwanamume mmoja, mkazi wa Kisauni". Tatizo ni nani ataiandika, maana aliyekuwa akifuatilia kesi za mahakama ya Shanzu ndiye huyo aliye ndani.