Barua ya Wazi kwa Bodi Tukufu Yenye Mhuri wa Mtaa

Kwa: Bodi Tukufu ya Kampuni ya Usimamizi, mtaa wowote wenye lango, ukuta, na nyaya za umeme juu ya ukuta.

Kupitia kwa: Askari wa lango, ambaye ataisoma kwanza.

MINT: OMBI LA BARUA YA KUTHIBITISHA KWAMBA BARUA ITATOLEWA

Wanunuzi wa nyumba ambao daftari la lango linawaandika kuwa wageni, ingawa baadhi yao wamekwisha kulipa amana ya nyumba hizo, wanaleta salamu za heshima kwa Bodi Tukufu na kuishukuru kwa jinsi inavyoulinda mtaa dhidi ya kelele za usiku, kuku, kamba za kuanikia nguo, rangi za ukuta zisizofanana na maziwa na, kwa ufanisi usio kifani, dhidi ya mikopo ya benki. Kutoka Kilimani hadi Ruaka, na kutoka Syokimau hadi Nyali, hakuna ulinzi unaofanya kazi vizuri kiasi hicho: mwizi huweza kuruka ukuta na paka huweza kupenya chini ya lango, lakini hati ya rehani haijapita hapo bila kusimamishwa.

Kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, mikopo ya rehani, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo nyumba yenyewe huwekwa kuwa dhamana, ilikuwa takriban 30,000 nchini kote kufikia mwisho wa mwaka 2023, katika taifa ambalo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Wachumi hueleza uchache huo kwa kutaja riba, mishahara na bei ya ardhi, na maelezo yao ni sahihi, lakini waombaji wanaona kwamba Bodi inanyimwa sifa inayoistahili, kwa kuwa wapo watu ambao hawakuiogopa riba, ambao mishahara yao ilitosha na nyumba yao ikapatikana, na ambao safari yao hata hivyo ilikomea katika chumba kilicho nyuma ya tangi la maji, mbele ya karani aliyesema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba mwenye mhuri ametoka.

Mzunguko wenyewe hauhitaji kuelezwa kirefu kwa Bodi iliyoubuni. Benki hukataa kutoa fedha hadi ipokee barua ya idhini, ambayo ni tamko la kampuni ya usimamizi kwamba haina pingamizi nyumba iwekwe rehani. Kampuni nayo hukataa kuiandika barua hiyo hadi ada ya huduma, yaani mchango wa ulinzi, taka, taa na bustani, iwe imelipwa yote, pamoja na faini zilizoongezwa juu yake na faini za kuchelewa kulipa faini. Na mwuzaji, ambaye ndiye mdaiwa, hana cha kulipia hadi benki itoe mkopo ule ule unaoisubiri barua. Basi mnunuzi, ambaye hajalala katika nyumba hiyo hata usiku mmoja, hulipa deni la taa zilizommulikia mtu mwingine, kisha huambiwa asubiri siku 7 za kazi, zinazohesabiwa kwa kalenda ambayo haijawahi kuchapishwa. Barua ikitoka, ofa ya benki imekwisha muda; ofa mpya ikitoka, ripoti ya mthamini imepitwa na wakati; mthamini akirudi na kutoza ada yake upya, barua ya idhini nayo imezeeka, na mwezi mwingine wa ada ya huduma umeingia, kwa hiyo nyumba inadaiwa tena.

Benki, kwa haki, haikuitunga hofu yake hewani. Inajua kwamba mkopaji akishindwa kulipa nyumba itauzwa, na kwamba mnunuzi mpya hatakamilisha umiliki wake mpaka kampuni ya usimamizi iridhie na kumhamishia hisa inayoambatana na nyumba. Katika mfumo wa zamani, uliotumika kwa miaka mingi kwenye fleti na nyumba za safu, mnunuzi hakupewa ardhi bali mkataba mrefu wa upangaji uliokatwa kutoka kwenye hatimiliki mama, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Na mstawishaji, yaani mjenzi aliyeugawa mtaa na kuuuza, aliahidi kuikabidhi kampuni hiyo umiliki wa msingi mara nyumba ya mwisho itakapouzwa. Ahadi hiyo imeandikwa kwa lugha safi na haina kasoro yoyote, isipokuwa kwamba nyumba ya mwisho haiuzwi. Daima hubaki nyumba moja, aghalabu ile inayopakana na shimo la majitaka, ambayo mstawishaji haiuzi wala haipangishi, na kwa nguvu ya nyumba hiyo moja yeye huendelea kuwa mwenye hatimiliki mama, mwenyekiti wa Bodi, mteuzi wa wakala anayekusanya ada na, kwa bahati njema, mwenye kampuni ya ulinzi.

Bunge lilijaribu kuingilia kati. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987, inampa mwenye fleti hati ya sehemu yake pamoja na fungu lake katika maeneo ya pamoja, na inaagiza kwamba ramani ya mgawanyo ikishasajiliwa, wamiliki wote wa sehemu ndio huwa shirika la kulisimamia jengo; mikataba mirefu ya zamani ilipewa miaka 2 ili igeuzwe iifuate sheria hiyo. Aprili 2021 Wizara ya Ardhi ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kidijitali ulioanzia Nairobi, ambao humwezesha mwananchi kupekua kumbukumbu za ardhi akiwa nyumbani kwake. Serikali, pamoja na uzito wake wote na mafaili yake yote, ilikubali kuhamia kwenye kompyuta. Bodi Tukufu imebaki na droo moja, ufunguo mmoja wa droo, na mtu mmoja mwenye ufunguo, ambaye yuko mazishini.

Ndiyo maana ombi kuu la barua hii ni kwamba Mhuri wa Kampuni upewe nyumba ndani ya mtaa. Waombaji wamelitafakari jambo hili kwa makini na kubaini kwamba chanzo cha taabu zote ni Mhuri kutokuwa na makao: leo uko kwa mwenyekiti, kesho uko kwa wakili mjini, Jumatatu uko katika gari la mhasibu, na mwisho wa mwezi, unapohitajiwa na watu wengi zaidi, hausemwi uliko. Inapendekezwa upewe ile nyumba ya mwisho isiyouzwa, ili hatimaye ipate mkaaji, na uandikishwe kuwa mkazi mwenye haki na wajibu wote. Utapewa kibandiko cha gari, ingawa hauna gari, na utalipia nafasi ya kuegesha kama wanavyolipa wengine wasio na magari. Utasomewa kanuni za mtaa, ambazo zinaukataza kuanika barazani kitambaa chake cha kupangusia wino, kupokea wageni wasioandikwa langoni, kupiga kishindo mezani baada ya saa tatu usiku, au kubadilisha rangi ya wino kutoka buluu bila kibali cha maandishi chenye mhuri.

Ukishayazoea makao hayo, Mhuri uruhusiwe kuinunua nyumba kwa mkopo, kama mkazi mwingine yeyote. Benki itaupokea kwa tabasamu na kuutaka ulete hati za mshahara, ambazo hauna, na taarifa za akaunti za miezi 6, ambazo zitaonyesha kwamba kila barua ilitozwa fedha na kwamba hakuna hata senti iliyoufikia. Mthamini atakuja, atapima sebule na kupiga picha bomba linalovuja. Kwa kuwa nyumba itakuwa makao ya ndoa, kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kitadai ridhaa ya mwenzi kabla haijawekwa rehani, na Pedi ya Wino, iliyoishi na Mhuri katika droo moja miaka yote hiyo bila kuulizwa lolote, italazimika kuitwa mbele ya wakili iseme, bila kushurutishwa, kwamba inaelewa kitakachotokea mkopo usipolipwa. Ushuru wa stempu wa hati ya rehani, ambao ni asilimia 0.1 ya mkopo, utalipwa. Kisha benki itataka jambo moja dogo lililosalia: barua ya idhini kutoka kwa kampuni ya usimamizi, yenye mhuri. Mhuri utashuka ngazi hadi ofisini, utapanga foleni nyuma ya mpangaji aliyekuja kuulizia taka, na utaelezwa na karani kwamba hauwezi kujipiga wenyewe juu ya barua inayouhusu, kwa kuwa huo ni mgongano wa maslahi. Kwamba unahitajika mhuri mwingine. Na kwamba mhuri mwingine hauwezi kuchongwa bila azimio la mkutano mkuu wa mwaka, ambao haujaitishwa tangu mtaa ufunguliwe. Utaambiwa urudi Alhamisi. Waombaji wanaamini kwamba Mhuri, ukishaketi kwenye benchi lile lisilo na egemeo hadi saa kumi na moja na kuliona dirisha likifungwa, utarudi kazini ukiwa na huruma, sifa ambayo binadamu wa ofisi hiyo wameikosa.

Sheria hiyo hiyo ya Ardhi inailazimisha benki, iliyotoa mamilioni yake, kumpa mkopaji aliyeshindwa kulipa notisi ya muda usiopungua miezi 3, na baada yake notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kampuni ya usimamizi, ambayo haikuchangia hata tofali moja, hukata maji kwa ujumbe mfupi wa simu unaotumwa Ijumaa jioni, ofisi ikiwa imefungwa na simu ikiwa imezimwa. Mama mwenye mtoto mchanga hupandisha ndoo hadi orofa ya nne kwa sababu ya ada ambayo hesabu zake hazijakaguliwa na mtu yeyote, katika nchi ambayo kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinayataja maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Jina la kitendo hicho ni unyang'anyi, na fulana yenye nembo ya kampuni haikibadilishi jina. Anayetozwa amekubali kukatwa mshahara kwa miaka 20 ili awe na kwake. Anayemtoza hawezi kuonyesha risiti ya mafuta ya jenereta ya mwezi uliopita, na akiulizwa hujibu kwa kumfungia mwulizaji lango asiingie nyumbani mwake mwenyewe. Waombaji wanaomba radhi kwa ukali wa maneno haya, ambao bila shaka umesababishwa na kiu, na wanarejea kwenye adabu ambayo Bodi imeizoea.

Maombi mengine ni madogo na yanaweza kukataliwa kwa pamoja ili kuokoa karatasi. Bodi inaombwa ionyeshe bima ya jengo, ambayo wakazi huilipia na benki huisaka, hata kama ni kwa kuipitisha haraka mbele ya dirisha. Bei ya barua ya idhini ishushwe hadi ikaribiane na bei ya kitabu kizima. Mthamini wa benki aruhusiwe kuingia bila kuacha kitambulisho chake na cha baba yake. Hesabu zilizokaguliwa zitolewe, au, ikiwa jambo hilo ni zito mno, zitolewe zisizokaguliwa. Cheti cha hisa kichapishwe kabla mnunuzi hajastaafu. Na ramani ya mgawanyo isajiliwe, hatimiliki mama ikabidhiwe, na shirika la wamiliki liachwe liitishe mkutano wake lenyewe, ombi ambalo waombaji wameliweka mwisho wakijua kwamba ndilo pekee ambalo Bodi imelielewa tangu aya ya kwanza.

Waombaji wanabaki, kwa unyenyekevu na kwa kukosa mahali pengine pa kubaki,

Wageni, kwa mujibu wa daftari.

Nakala kwa:

Idara ya mikopo ya nyumba ya benki yoyote, inayojieleza kuwa mateka wa Bodi ilhali mara nyingi ndiyo iliyomkopesha mstawishaji kwa dhamana ya hatimiliki mama hiyo hiyo, kiasi kwamba mnunuzi husubiri nyumba yake itolewe kwenye rehani ya mjenzi katika ghorofa ya tatu ndipo iingizwe kwenye rehani yake katika ghorofa ya tano, na ngazi zilizo kati ya ghorofa hizo mbili huchukua miezi.

Wakili wa mwuzaji, aliyeahidi kwamba jambo hili lingekwisha kabla ya Pasaka, bila kutaja ipi.

Dalali wa mnada, ili afahamu mapema kwamba mshindi wa mnada naye atahitaji barua ya idhini.