Twiga wa Kuliwa

Mwambie mama lishe wa Kakola, pale jirani na mgodi wa Bulyanhulu, kwamba Waaustralia hula kangaruu, mnyama yuleyule aliyesimama kwenye nembo ya taifa lao. Atasonya. "Baba, mtu anakulaje nembo?" Kisha ataingia kwenye hoja ya msingi: "Kilo shilingi ngapi?"

Swali zuri. Kwetu Tanzania alama ya taifa ni twiga, na ukikutwa na paja lake begani, bei yake utaambiwa na hakimu. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, lakini twiga hapandishwi kwenye mzani. Yule haguswi.

Ila yupo twiga mwingine, asiye na shingo wala madoa. Alizaliwa mwaka 2019, ni kampuni iitwayo Twiga Minerals, na dhahabu ya Bulyanhulu ni sehemu ya malisho yake. Huyu analiwa, tena kwa mkataba: hisa asilimia 84 za wachimba dhahabu wa Barrick, asilimia 16 za Serikali, pamoja na ahadi ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Minofu ina wenyewe. Sisi wengine tunasikia harufu ya mchuzi kwenye taarifa ya habari.

Mama lishe anapakua wali maharage na kutoa hukumu: "Huyo wa porini simtaki, ana jela ndani yake. Huyo wa dhahabu, waambie wanibakizie hata makongoro."