Mhadhara wa Mtaalamu Mkuu Kuhusu Utu na Vipimo Vyake

Mtwara kuchele! Sijasikia. Kuchele!

Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Nyie vijana mliojificha nyuma ya spika nimewaona. Anayesimama mbele yenu ni Mtaalamu Mkuu wa Filamu na Utu kwa Ufukoni, Mikindani, Msimbati na mdomo wote wa Ruvuma, cheo ambacho hakuna aliyenipa kwa kuwa hakuna mwenye sifa za kunipa. Elimu yangu niliipatia kwenye vibanda umiza vya mji huu, mara nyingi nikiwa upande wa nje, kwenye tundu la ubao. Hapo mtazamaji huona nusu ya picha na kulazimika kuitafakari nusu iliyobaki. Waliolipa kiingilio waliangalia tu. Mimi nilifikiri.

Mada yetu ni filamu inayomfanya mtu ajiulize kama yeye ni mtu. Filamu zipo tele, na nyingi zina swali moja tu kwa mtazamaji: je, una chenji? Hii tuliyoitazama jioni hii ni kabila jingine. Inaitwa Das leere Grab, kaburi tupu, kazi ya Cece Mlay wa hapa kwetu na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, na ilioneshwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2024. Ndani yake mwanasheria John Mbano na mkewe Cesilia Mollel wanatoka Songea kwenda Ujerumani kutafuta kichwa. Msicheke. Kichwa cha babu yao, Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, moshi wa vita vya Majimaji ukiwa bado haujatulia. Ukoo unaamini kichwa kilikatwa kikasafirishwa. Mji mzima unaitwa kwa jina lake, na yeye mwenyewe amelala pungufu.

Sasa tuingie kwenye sayansi. Kabla picha haijaanza nilipita mstari kwa mstari na futi ya fundi cherehani, nikawapima videvu. Mliona nilivyorudi tena pale katikati? Hiyo ndiyo Kanuni Yangu ya Kidevu. Kidevu cha mtazamaji kikishuka sentimita 2, ana utu wa kawaida. Kikishuka 4, anafaa ujumbe wa nyumba kumi. Mama mmoja wa Chikongola alifika 5, tukashangilia, kumbe alikuwa anapiga miayo. Tumemfuta.

Nani huyo amesema hata Wajerumani walikuja na futi?

Kijana, kaa chini nikueleweshe. Tofauti ni kubwa. Felix von Luschan wa Berlin alijikusanyia mafuvu kwa maelfu, kutoka makoloni na kwingineko, akayapima na kuwapanga wanadamu mafungumafungu. Yeye alikuwa na digrii. Mimi sina, kwa hiyo sina upendeleo. Nyie watu wa korosho mnaijua kangomba: bakuli ni la mnunuzi, bei ni ya mnunuzi, na mwenye mali anatakiwa ashukuru. Sayansi ile ilikuwa kangomba ya vichwa. Mwaka 2023 watafiti wa hukohuko Berlin walitangaza kwamba katika mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki waliyoyachunguza, 202 yalitoka nchi ambayo sasa ni Tanzania. Mia mbili na mbili! Vipo vitongoji huku havipati idadi hiyo kwenye mkutano wa hadhara, hata soda ikitangazwa. Machache yameoanishwa na ndugu walio hai kwa vipimo vya vinasaba. Cha Nduna Songea hakimo, na filamu inafika mwisho akina Mbano wakiwa mikono mitupu.

Tena hukohuko Berlin yuko mjusi wetu wa Tendaguru, wa hapo jirani Lindi, mifupa yake ikichimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi pwani. Amesimamishwa ukumbini, urefu wake unapita mita 13, ana jina la kisayansi, na watoto wanaletwa kumshangaa. Mnyama ana jina. Mafuvu ya watu yalikaa kwenye makabati yakiwa na namba. Hapo kwenye filamu videvu vinatakiwa vishuke, na mstari wa nne mlikuwa mnamenya machungwa.

Naomba utulivu, maana sasa napanda Uwanda wa Makonde. Mwaka huohuo wa 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Newala na kamera ya filamu. Newala! Mji wa Mtwara hauna hata bandari, na tayari Mzungu anazungusha mkono wa kamera akinasa ngoma zetu. Kwa hiyo katika Kusini hii, ndani ya mwaka mmoja, Mjerumani mmoja alikuwa anatunyonga na mwingine anatupiga picha. Anayedai sinema ililetwa kwetu na wafanyabiashara wa kanda za video aje kwangu nimsahihishe, kwa ada nafuu.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha. Siku ile nilijipima mbele ya kioo: sentimita 3.

Maswali. Ndiyo, bibi. Shikamoo bibi. Kwa ufupi tafadhali, umeme hauaminiki.

Nitalirudia ili na wa nyuma walisikie. Bibi ni mtu wa Masasi. Anasema huyo Songea ni Mngoni, na Wangoni ndio waliokuwa wakiitwa Magwangwara. Anasema mwaka 1882 Magwangwara waliivamia misheni ya Masasi, iliyoanzishwa 1876 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wakaua na kuteka. Watu waliokwisha kutoka utumwani wakakamatwa upya. Kwao habari hiyo ilisimuliwa jikoni, si darasani. Anasema amelia na akina Mbano, amelia kweli, na leso yake anaionesha. Anachouliza ni hiki: alikuwa anamlilia nani?

Na wewe kijana unadakia nini tena? Kwamba askari wa Mjerumani wengi walikuwa weusi, sasa ile kamba ilivutwa na nani?

Moja moja! Bibi, inua uso, niwie radhi, ni kazi ya sayansi tu. Hm. Bibi, kidevu chako hakikushuka. Kimepanda. Machozi yanatoka na kidevu kimepanda. Kanuni haina safu ya kidevu kinachopanda. Hapana, msimpigie makofi, mnaharibu kipimo. Ukimpigia makofi mtu anayelia kwa ajili ya mjukuu wa aliyemteka bibi yake, mimi niandike nini kwenye daftari? Huo ni utu kiasi gani? Kijana, niachie futi. Huwezi kunipima mimi, mimi ndiye mtaalamu.

Uamuzi wangu ni kwamba swali la bibi liko nje ya mada. Litajibiwa kwa maandishi, bahasha na stempu juu ya muulizaji, baada ya msimu wa korosho.